Msasa ni jani: Baba mdogo alikuwa sahihi

Najua kibaraza hiki kimekaa kimya siku nyingi, na wengine mmeshanisema. Nisameheni. Kazi za huku zinamla mtu, na baridi ya Minnesota ikianza hata vidole vinagoma kuandika.

Leo nimerudi kwa sababu ya ule ubishi wa kwenye simu mwezi uliopita. Kwa ambao hawakuufuatilia, ilikuwa hivi. Wadogo zangu wawili wanaojifunza useremala kwa Baba mdogo walituma picha ya meza waliyoimaliza. Meza nzuri kweli, hongereni. Wakaandika kwamba wameipiga sendipepa mpaka imeteleza kama kioo. Baba mdogo akajibu kwa sauti, maana kuandika hapendi: "Hiyo inaitwa msasa. Na msasa ni jani." Basi vicheko vikaanza. Mmoja akauliza kama msumari nao ni mti. Mwingine akasema Mzee amechoka, apumzike.

Mimi sikucheka, lakini msinisifu. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu wa kwanza kumcheka kwa neno hilihili nilikuwa mimi. Nilikuwa kidato cha pili, kichwa kimejaa, nimekuja likizo. Alipotamka kwamba msasa ni jani, nilimsahihisha mbele ya wateja wake. Nikamwambia msasa ni karatasi yenye mchanga, tumefundishwa shuleni. Hakunijibu. Alinipa kipande cha karatasi hiyo na mguu wa kiti, akaniambia nisugue. Nilisugua mpaka magharibi.

Tangu ule ubishi wenu nimekaa jioni kadhaa nasoma habari za neno hili. Nilichokikuta ni kwamba deni langu kwa Mzee ni kubwa kuliko nilivyodhani. Leo nalilipa hadharani.

Tuanze na mti wenyewe. Upo, na unaitwa msasa. Ni wa jamii moja na mkuyu na mtini. Wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, jina lililotoka mwaka 1805 katika kitabu cha Martin Vahl, mwanasayansi wa Denmark aliyezaliwa Norway. Neno la pili ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichofanywa kiwe cha kukwaruza. Kwa hiyo hata Mzungu aliyeupa jina alifanya kama wazee wetu: alipapasa jani kwanza, akaandika baadaye. Mti huu unaota kuanzia Afrika ya Magharibi mpaka pwani yetu, na ng'ambo ya bahari upo Yemen, India na Sri Lanka.

Jani lake ukilipitishia kidole unahisi kama umelambwa na paka. Lina vinywele vifupi vigumu vilivyojaa madini, na ndivyo vinavyokwangua. Wayoruba wa Nigeria wanaliita ipin, na wao pia wamelitumia kulainishia mbao na kusugulia vyombo. Yaani kutoka Lagos mpaka Pangani watu waliona jani hilohilo wakalipa kazi ileile. Tahadhari moja tu: mkisikia watu wa Zimbabwe wakiusifia msasa kwa majani yake machanga mekundu, huo ni mti mwingine kabisa, Brachystegia spiciformis. Huo hausugulii kitu.

Kamusi zetu za Kiswahili zinaeleza maana zote mbili, mti wenye majani ya kukwaruza na karatasi ya kulainishia. Kwa hiyo Baba mdogo hakuwa anachanganyikiwa. Alikuwa anakumbuka maana ya kwanza, sisi tumebaki na ya pili.

Sasa fungueni sanduku la zana la Mzee mlitazame vizuri, kwa sababu lile sanduku ni kitabu cha historia. Parafujo ni neno la Kireno, limeachwa na wale waliojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Randa imetoka India. Msumari ni Kiarabu. Kila jahazi lililotia nanga liliacha kitu katika sanduku lile, na kitu kiliingia na jina lake. Karatasi ya kusugulia nayo ilikuja na meli, ingetegemewa ije na jina la ugenini kama wenzake. Haikuwa hivyo. Ilipofika ilikuta kazi ipo, mafundi wapo, na neno lipo. Wazee hawakuuliza wauzaji inaitwaje. Waliangalia inafanya nini, wakaona inafanya kazi ya jani, wakaiita msasa.

Hapa ndipo ninapotaka wadogo zangu mnisikilize. Tumezoea kudhani kwamba ufundi wetu ulianza siku bidhaa ya dukani iliposhuka bandarini, na kabla ya hapo watu walikuwa wanachonga chonga tu. Neno msasa linakataa. Linatuambia kwamba kabla ya karatasi kulikuwa na fundi aliyejua kumaliza kazi, ambaye hakuridhika na alama za tezo, akaingia kichakani kutafuta kitu cha kuziondoa. Ukilitupa neno hilo ukachukua sendipepa, unamtupa na fundi yule.

Msinielewe vibaya, si sisi peke yetu tuliotumia mimea. Wajapani wana jani la mti wa muku, na wana mmea unaoitwa tokusa, jina lenye maana ya majani ya kunolea. Wanaupaka mbao mpaka leo kwa kazi nzuri nzuri. Mmea huo wa tokusa uko na Ulaya. Maseremala wa Uingereza waliutumia zamani, wakauita kwa jina la Uholanzi kwa kuwa uliletwa kutoka huko. Na uko hapa Minnesota pia, kando ya mito. Ni kijiti cha kijani kisicho na majani, kina pingili kama mwanzi mwembamba. Mwezi uliopita nilikata vichache nikavisugulia mpini wa mwiko. Jamani, vinakula! Polepole, lakini mbao inabaki laini na haina mikwaruzo. Nilikaa pale ukingoni na mwiko wangu kama mwehu, watu wanapita na mbwa wao wananitazama.

Wachina nao, katika karne ya 13, walikuwa wanasaga magamba ya kombe na mbegu pamoja na mchanga, wanabandika kwenye ngozi iliyokwanguliwa kwa gundi ya miti. Huko ndiko wazo la kubandika punje lilikoonekana mapema. Karatasi ya kiwandani ilichelewa sana. Mwaka 1833 John Oakey wa London alianza kuitengeneza kwa wingi, lakini punje zake zilikuwa za chupa iliyosagwa, ndiyo maana Waingereza wengi waliizoea kwa jina la karatasi ya kioo. Mwaka uliofuata, 1834, Isaac Fisher wa Springfield, jimbo la Vermont hapa Marekani, alipata hataza ya karatasi ya kusugulia.

Haya, wadogo zangu, sasa zamu yenu. Mlicheka kwamba msasa hauna jani ndani yake. Ni kweli, hauna. Na sendipepa je? Hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya karatasi ya mchanga. Nendeni mkaichane karatasi yenu muutafute huo mchanga. Hampati. Karatasi za siku hizi zina punje za oksidi ya alumini, au silikoni kabaidi, au za vito vya ganeti. Mchanga uliachwa zamani kwa sababu punje zake huwahi kuwa butu. Kwa hiyo Kiingereza nacho kinaita kitu kwa jina la kilichokwisha kuondoka. Tofauti ni kwamba Mwingereza hamcheki babu yake.

Hiyo oksidi ya alumini inanipeleka nyumbani. Ikiwa ya asili, iliyojiumba ardhini, inaitwa korundamu, jina ambalo Wazungu walilichukua kwa Watamil wa India ya Kusini. Ikiwa safi na nyekundu ndiyo yakuti. Ikiwa ya buluu ndiyo yakuti samawi. Watu wa Tanga mnajua zinakochimbwa: bonde la Umba, mkoani kwetu. Kwa ugumu, mawe ya asili yanayojulikana sana yanayoishinda korundamu ni almasi peke yake. Kwa hiyo kile mnachokishika mkononi mkisugua meza ni binamu maskini wa yakuti ya Umba, ametoka kiwandani badala ya ardhini.

Na katika kutafuta mawe magumu, watu wamekosea majina kuliko Baba mdogo alivyowahi kukosea jambo lolote. Nawapa visa viwili.

Cha kwanza ni cha Edward Acheson. Mwaka 1891, katika mji wa Monongahela, Pennsylvania, alichanganya udongo wa mfinyanzi na makaa ya mawe yaliyochomwa, akapitisha umeme mkali. Alikuwa anatafuta almasi ya kutengeneza. Alipata chembe ndogo zinazong'aa, ngumu ajabu. Akadhani ni mchanganyiko wa kaboni na korundamu, akaziita kaborandamu, akapata hataza mwaka 1893. Baadaye ikafahamika kwamba korundamu haimo kabisa. Ni kaboni na silikoni, ile iliyokuwa katika udongo. Jina likabaki vilevile, na mafundi wa mawe ya kunolea wanalitumia mpaka leo.

Cha pili ni cha hapahapa ninapoishi. Mwaka 1902, kule Two Harbors kaskazini mwa jimbo hili, kando ya Ziwa Superior, wanaume watano waliunda kampuni ya kuchimba korundamu. Walikuwa wamepata ardhi, wamepata jiwe, wamejaa matumaini ya kuwauzia wenye viwanda vya mawe ya kunolea. Jiwe halikuwa korundamu. Lilikuwa anothositi, ambalo ni laini mno kwa kazi hiyo. Kampuni nzima imejengwa juu ya jina lisilo sahihi!

Wangefunga, hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walianza kutengeneza karatasi za kusugulia wenyewe huko Duluth, kwa punje za kununua, na mwaka 1910 wakahamia Saint Paul. Mwaka 1914 wateja wakarudisha karatasi, punje zinapukutika. Kuchunguza, ikaonekana ganeti waliyoagiza Hispania ilimwagikiwa mafuta ya zeituni melini, na gundi haishiki penye mafuta. Ikabidi waikaange kwanza kuyaondoa. Akina mama wa nyumbani wanajua, kitu chenye mafuta hakishiki gundi wala rangi. Mwaka 1921 kampuni hiyohiyo ikatoa karatasi inayovumilia maji, kazi ya Francis Okie, na ndiyo huu mnaouita msasa wa maji. Mafundi wa rangi za magari waliupenda kwa sababu vumbi lilipungua.

Kampuni yenyewe ni 3M. Zile M tatu zinasimama badala ya Minnesota, uchimbaji wa madini, na utengenezaji. Mwaka 2002 ndipo jina fupi likawa jina lake rasmi. Kila nikipita na basi jirani na makao yao pale Maplewood nakumbuka kwamba M ya katikati ni ya madini ambayo hawakuyapata. Na hakuna anayewacheka. Wanaliita jina hilo historia yao, na wanaitunza.

Niseme kidogo kuhusu namba, kwa sababu hapo nina kosa jingine la kukiri. Mnakumbuka lile sanduku nililotuma, lenye misasa ya hapa? Nilimnunulia Mzee namba 400, kwa kuwa kule nyumbani amezoea 400. Baada ya wiki akanitumia sauti: "Msasa wako hauli. Unabembeleza." Nikadhani anatia chumvi. Kumbe!

Namba hizi asili yake ni chekeche. Punje huchekechwa, na namba inatokana na wingi wa matundu ya chekeche katika inchi moja. Matundu yakiwa mengi, kila tundu ni dogo, na punje inayopita ni ndogo. Ndiyo maana namba kubwa ni msasa laini na namba ndogo ni msasa mkali. Shida ni kwamba kuna vipimo viwili. Cha Ulaya kina herufi P mbele, na cha Marekani mara nyingi ni namba tupu. Katika misasa mikali vinakaribiana, kwa mfano P80 na 80 havipishani sana. Lakini ukipanda juu ya 220 vinaachana. P400 ya Ulaya ni karibu sawa na 320 ya Marekani. Kwa hiyo mimi nilipotuma 400 ya hapa nilimtumia kitu laini zaidi ya alichokizoea. Mkono wa Mzee ulijua kabla ya macho yangu kusoma. Wadogo zangu, mkinunua dukani angalieni nyuma ya karatasi kama kuna P.

Nilimuuliza na wao zamani walipimaje, kwa kuwa jani halina namba. Akasema namba ilikuwa uchovu: jani jipya la kuanzia, lililochoka la kumalizia. Kwa hiyo jani la kwanza halikutupwa, liliwekwa pembeni lingojee mwisho wa kazi. Nimefanya hivyohivyo na karatasi, na nawaambia inafanya kazi.

Jambo la mwisho ni jinsi neno hili lilivyotoka karakana likaingia mjini. Fungueni gazeti lolote la nyumbani. Walimu wapigwa msasa. Waamuzi wapigwa msasa. Madiwani wapigwa msasa. Sipingi, lugha inatembea. Lakini naona limeanza kutumiwa na watu ambao hawajawahi kuushika. Siku hizi hata mtoto aliyeingia kazini jana anapigwa msasa. Muulizeni Baba mdogo kama amewahi kupiga msasa gogo. Gogo linapasuliwa, linachongwa, linapigwa randa, linaungwa, ndipo msasa unaingia. Msasa ni wa kitu ambacho tayari kina umbo. Mgeni wa kazi anafundwa. Kisu kilichokuwa kikali kikachoka kinanolewa. Anayepigwa msasa ni anayeijua kazi, ana mikwaruzo midogo ya kuondolewa. Na msasa hauongezi kitu, unapunguza. Anayetaka kuongezewa atafute rangi.

Nikijipima kwa maana hiyo, siku ile ya mguu wa kiti mimi sikupigwa msasa. Nilikuwa gogo bado. Baba mdogo angeweza kunichapa au kunifukuza mbele ya wale wateja, na wote wangemuunga mkono. Alinipa kazi ya mikono na akaniacha na ujinga wangu uishe wenyewe. Umechukua zaidi ya miaka ishirini kuisha.

Kwa hiyo Baba mdogo, shikamoo, na unisamehe. Msasa ni jani. Ulikuwa sahihi mbele ya wateja, na ulikuwa sahihi mwezi uliopita. Na ninyi wadogo zangu, nawaomba kitu kimoja. Mzee anajua mti ulipo. Msindikizeni mkauone kabla hajachoka kutembea, mchume majani, mpige mwiko mmoja kwa jani tupu bila karatasi, mnitumie picha. Halafu muite zana yenu jina mnalotaka.

Jumapili nilimpigia nikamsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa, maana sikutaka aambiwe na wengine. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akauliza jambo moja tu: hiyo 320 nitaituma lini.

Nimeshainunua, Mzee. Inaondoka na mgeni wa wiki ijayo. Wasalimieni wote, na anayekuja huku aniletee dagaa.